Ethel wa Newala: Ramani ya gemu iliyomfikisha ofisi ya kijiji

Saa tatu kasoro asubuhi, mjini Newala. Ukungu bado umetanda barabarani na Ethel Mrope ameshawasha printa. Mteja wake wa kwanza, mzee mwenye koti zito na kofia ya kufuma, amesimama mbele ya kaunta akiwa ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni makubaliano ya kuuziana shamba la mikorosho. Anataka yachapwe, lakini karatasi yenyewe hataki kuiachia.

"Basi nisomee, baba, mimi nachapa," Ethel anamwambia.

Mzee anasoma kwa sauti ya chini, neno baada ya neno, huku akichungulia kioo cha kompyuta kila anapomaliza sentensi. Anapofika kwenye mipaka ya shamba, anaikunja karatasi.

"Hapo niachie nafasi. Nitajaza mwenyewe kwa kalamu."

Ethel habishi. Anaacha mistari mitano mitupu, anatoa nakala mbili, anamkabidhi, kisha anafuta faili mbele yake na kumwonyesha kwamba halipo tena. Mzee anaendelea kuikodolea macho ile kompyuta kwa muda, kama haamini, ndipo anaaga na kutoka.

"Zamani wateja walikuwa wananiachia makaratasi wanaenda zao sokoni," anasema Ethel. "Siku hizi wanasimama hapo hapo mpaka nimalize. Siwalaumu. Hata mimi ningekuwa upande ule wa kaunta ningesimama."

Ethel, mwenye umri wa miaka 37, ni mchapaji. Duka lake la steshenari lina kompyuta mbili, printa moja, mashine ya kutoa kopi na rafu ya madaftari. Siku nzuri huingiza Sh15,000, siku mbaya Sh4,000. Ila si uchapaji uliomfanya azungumzwe kuanzia Newala mpaka Masasi. Aliyoyafanya kwenye mojawapo ya kompyuta hizo, katikati ya mteja mmoja na mwingine, ndiyo yaliyozua maneno.

Mwandishi wa makala haya aliyasikia maneno hayo kwa mara ya kwanza akiwa stendi ya Masasi, na aliyasikia kwa namna mbili. Muuza vocha mmoja alisema yuko mwanamke Newala anayepima mashamba ya watu kwa siri kwa ajili ya wawekezaji. Kondakta aliyekuwa pembeni akadakia kwamba huyo mwanamke amegundua programu ya kompyuta ambayo wazungu wenyewe imewashinda. Mwandishi hakuamini la kwanza wala la pili. Alipanda Newala kujionea.

Ethel alizaliwa Masasi katika familia ya Waanglikana, baba mwalimu wa shule ya msingi, mama mwanakwaya. Alimaliza kidato cha nne, akasomea uchapaji, akaajiriwa miaka minne kwenye ofisi moja ya wakili. Mwaka 2013 aliolewa na Joel, fundi seremala wa Newala, akapanda naye huku juu. Lugha ya kwao ni Kimakua. Chimakonde anakielewa, ila anachelewa kujibu, na hilo, anasema, ndilo lililomponza baadaye.

"Mtu akikusemesha Chimakonde halafu ukamjibu Kiswahili, anajua wewe umetoka bondeni," anasema. "Hata ukae miaka kumi."

Mwaka 2019 alinunua kompyuta ya kupakata iliyotumika kwa Sh380,000. Ndani yake alikuta mwenye nayo wa awali ameacha gemu la kuendesha mabasi. Wateja wakikatika, Ethel akawa anaendesha.

"Nilikuwa naendesha basi kwenye miji nisiyoijua, theluji huku na huku, abiria wamekaa kimya kama wako msibani. Nikajiuliza, hivi basi linakwendaje hivi bila hata mtu mmoja kugombania dirisha? Nikatamani niendeshe barabara yetu. Niteremke na kona za Newala mpaka Masasi."

Gemu lenyewe linamruhusu mchezaji kuongeza ramani yake. Tatizo ni namna ya kuitengeneza. Ethel aligundua kwamba ramani moja inahitaji programu tano tofauti. Moja ni ya kuinua na kushusha ardhi, vilima na mabonde. Ya pili inatandaza barabara. Ya tatu inapanda miti na kujenga nyumba. Ya nne inachukua njia uliyotembea ukiwa na simu na kuigeuza kuwa mistari kwenye ramani. Ya tano inafunga vyote katika furushi moja ambalo gemu linaweza kulisoma.

Zote tano zimeandikwa kwa Kiingereza, zimetengenezwa na watu tofauti, na faili la hii linakataliwa na ile. Ethel alinunua daftari kubwa la kurasa mia mbili akawa anaandika kila hatua. Kilomita kumi na mbili za kwanza zilimchukua miezi kumi na moja.

Alipoiweka mtandaoni, watu kutoka Lindi, Songea na hata Mombasa walimwandikia wakitaka kujua alivyofanya. Aliwaelekeza kwa ujumbe wa sauti, mmoja mmoja.

"Wote walikwama palepale, kwenye kutoka programu ya kwanza kuingia ya pili. Wengine walikata tamaa, wengine walisema nawaficha siri. Kuna mmoja aliniandikia, 'Sema tu unataka hela.' Niliumia. Ndipo nikasema nitaziunganisha hizi zote ziwe kitu kimoja, tena kwa Kiswahili, mtu asiyejua kitu afungue achore."

Hapo ndipo mwandishi alipotaka ushahidi. Mchapaji wa Newala amejifunza wapi kuandika programu? Ethel anajibu kwamba alijifunza kwa video za bure, asubuhi kabla ya kufungua duka, kwa bando la Sh1,000 kwa siku, miaka miwili mfululizo. Jibu la namna hiyo ni rahisi kulitoa. Mwandishi aliinakili programu hiyo, inayoitwa Chora Njia, akashuka nayo Masasi kwa Arthur Namata, mwalimu wa somo la kompyuta ambaye hamfahamu Ethel, na kumwomba aichunguze.

Mwalimu Arthur alikaa nayo siku mbili.

"Nilianza kwa kutafuta virusi, sikukuta," alisema. "Kisha nikatafuta wizi. Nusu ya kazi si yake, na mwenyewe hajaficha, majina ya wenyewe yapo kwenye ukurasa wa mwisho. Programu tatu kati ya hizo ni za wazi, kila mtu anaruhusiwa kuzibadilisha. Ya nne mtengenezaji wake alimpa ruhusa kwa barua pepe, nimeiona. Ya tano hakujibiwa, kwa hiyo akaacha kuitumia akaandika ya kwake, na hiyo ya kwake imekaa vibaya vibaya, inafanya kazi lakini unaona kabisa mtu alikuwa anajifunza. Kazi yake hasa ni kuzikalisha zote kwenye dirisha moja zikaelewana. Na hiyo si kazi ndogo."

Kwa hiyo habari ya kondakta ilikuwa na chumvi, lakini haikuwa uongo. Ikabaki ya muuza vocha.

Ili kona za barabara zifanane na za kweli, Ethel alikuwa akipita na simu yake ikiwa imewashwa kuhifadhi njia. Rekodi hizo alizipa jina la nyayo. Alianza na barabara kubwa, kwenye bodaboda. Baadaye alitaka wachezaji waweze pia kuendesha pikapu ya kubeba magunia ya korosho kutoka mashambani, kwa hiyo akaanza kuingia kwenye vinjia vya kata ya Mkunya, kwa miguu, kila Jumamosi.

Mwezi Mei mwaka 2024, wakati programu iko karibu kuisha, alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kwa jina moja tu, Cecil, akisema yuko Dar es Salaam. Aliisifu ramani, akisema aliiona mtandaoni. Akasema yuko tayari kuinunua Chora Njia kwa Sh milioni sita, pamoja na nyayo zote.

"Milioni sita!" anasema Ethel. "Nilikaa chini. Nikamuuliza, nyayo za nini, si utachukua programu? Akasema, 'Hizo ndizo muhimu, hasa za mashambani.' Nikauliza za mashambani za nini kwenye gemu? Akacheka, akasema nisijali, ni mambo ya kitaalamu."

Cecil alimwambia pia kwamba yeye ni mtu wa nyumbani, babu yake alisoma misheni Masasi. Ethel akamsalimia kwa Kimakua. Mtu yule akacheka tena akajibu kwa Kiswahili. Alipomuuliza babu huyo alikuwa akisali kanisa gani, simu ikawa inakatikakatika.

Alimjibu kwamba atafikiria. Hakumwambia mtu.

Nyumbani, mumewe Joel aliona tu mke wake anatoka nje kila simu ikilia. Joel hafichi alichokiwaza.

"Nilijua ana mtu," anasema fundi huyo, akipitisha randa kwenye mbao ya mlango. "Jumamosi anaondoka, hasemi anakokwenda kwa kueleweka, anarudi viatu vimejaa vumbi. Ukimuuliza anasema anatengeneza gemu. Mtu mzima! Wewe ungeamini?"

Jumamosi moja ya Juni, wakati wakulima wakipulizia salfa, dawa ya unga, kwenye mikorosho, Ethel alikuwa akitembea katikati ya mashamba mawili ya kijiji kimoja cha kata ya Mkunya. Wakazi wameomba kijiji chao kisitajwe. Simu alikuwa ameishika mkononi, na kila alipofika kwenye kona alisimama kuitazama.

Mwanamume mmoja aliyekuwa amebeba mashine ya kupulizia mgongoni aliizima. Shamba la pili nayo ikazimwa. Ethel anasema alishtushwa na ule ukimya. Alipogeuka, walikuwa watu saba, nyuso zao za njano kwa unga wa salfa.

"Shikamooni," aliwasalimia.

Hakuitikia mtu. Walizungumza wao kwa wao, Chimakonde cha harakaharaka, na alichoambulia ni neno la mpaka na neno la kuuza. Mmoja alinyoosha mkono akaomba simu. Akampa. Kwenye kioo kulikuwa na mstari mwekundu unaozunguka shamba upande mmoja na shamba upande wa pili.

"Huyu si ndiye anayechapa mauziano pale mjini?" mwanamke mmoja akauliza kwa Kiswahili, na hapo Ethel akajua mambo yameharibika.

Mwanamke huyo alikuwa Ziada Nampoto, mkulima wa korosho na mihogo, ambaye wiki mbili kabla alikuwa amechapiwa barua dukani kwa Ethel. Ziada naye anaikumbuka siku hiyo.

"Nilijumlisha," anasema. "Karatasi zetu za mashamba zote zinapita kwake. Majina yetu anayo, ekari zetu anazo. Sasa namkuta anazunguka shamba langu na simu inachora. Wewe ungesema nini? Mimi nilisema huyu ametumwa, na leo atamtaja aliyemtuma."

Alipelekwa ofisi ya kijiji. Hakuna aliyempiga wala kumtukana, na Ethel anataka hilo liandikwe. Mwenyekiti wa kijiji, Uwesu Likapa, alimpa kiti, akaagiza aletewe maji, akafunga mlango. Watu wakajaa madirishani.

"Mama Nancy," mwenyekiti alianza, kwa kuwa binti mkubwa wa Ethel anaitwa Nancy na wengi mjini humwita hivyo, "tueleze taratibu. Unapima kwa ajili ya nani?"

"Sipimi, baba. Natengeneza gemu."

Nje palizuka kicheko kibaya. Ethel akaomba aende dukani achukue kompyuta awaonyeshe. Wakakataa asiende peke yake. Vijana wawili wa mgambo walimsindikiza kwa pikipiki, mmoja mbele mmoja nyuma, wakaingia naye mpaka ndani ya duka, wakarudi naye. Watu wa mjini waliona. Kufikia jioni ilishajulikana kwamba Mama Nancy amekamatwa.

Ofisini aliwasha kompyuta akawaonyesha barabara, kona, kanisa, msikiti, soko. Akaliendesha basi. Wachache walicheka kwa kuipenda. Mwenyekiti hakucheka.

"Niliona kitu kizuri," anasema Mzee Uwesu, ambaye alikubali kuzungumza na mwandishi baada ya kuomba kitambulisho chake na kukisoma pande zote mbili. "Lakini kitu kizuri ndicho kinachotumika kumpumbaza mtu. Nikamwambia, nyumba nimeziona, sasa nionyeshe mashamba. Akanionyesha. Mashamba yetu yalikuwemo, na yamekaa sawasawa."

Ziada akasogea mbele. "Kama ni mchezo, nipe nicheze," alisema.

Alikuwa hajawahi kushika kompyuta. Ethel akamwekea mkono kwenye kipanya, akamfungulia ukurasa mtupu, akamwambia achore chochote. Ziada alichora njia ya kutoka kwake kwenda bombani. Alipotaka kuweka nyumba, akakwama. Kitufe kilikuwa kimeandikwa "Amilisha tabaka la majengo."

"Hiki Kiswahili cha wapi?" Ziada aliuliza. "Unaona, mwenyekiti? Hata maneno yameandikwa ili tusielewe."

Ethel anasema sentensi hiyo ilimuuma kuliko kufikishwa ofisini. Alikuwa ameitengeneza programu kwa ajili ya mtu asiyejua chochote, na mtu wa kwanza asiyejua chochote ameona ni mtego.

Mwenyekiti akauliza swali la mwisho. "Hujatumwa. Sawa. Je, yupo mtu yeyote aliyewahi kukuuliza habari za hivi vitu? Yeyote."

Ethel anakiri kwamba aliwaza kukana. Habari za Cecil alikuwa anazijua peke yake. Angeweza kusema hapana, akachukua kompyuta yake na kwenda nyumbani.

"Nikajiambia, ukisema hapana utakuwa umekuwa kile wanachokidhani," anasema. "Nikasema yupo. Yuko Dar es Salaam, anatoa milioni sita, na anachotaka zaidi ni hizo njia za mashambani. Sijampa."

Ofisi ililipuka. Watu walipiga madirisha. Mmoja alitaka kompyuta ichomwe hapohapo. Ziada, kwa maelezo yake mwenyewe, ndiye aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote. Mzee Uwesu alisimama mlangoni, akawataka watulie, na ilimchukua muda mrefu kutuliza watu.

Ethel hakungoja aambiwe. Mbele ya mwenyekiti alifuta nyayo zote za kata ya Mkunya kutoka kwenye simu, kisha kwenye kompyuta. Ziliondoka pamoja na vinjia vyote, bomba, mashamba na nyumba alizozijenga juu yake. Ilikuwa kazi ya Jumamosi thelathini na moja. Aliandika maelezo, akatia saini, akaruhusiwa kuondoka saa kumi na moja jioni.

Njiani alilia. Kufika nyumbani alimsimulia Joel kila kitu, tangu simu ya kwanza ya Cecil.

"Kwa kweli nilifurahi," anasema Joel. "Usiandike hivyo. Au andika tu. Mke wangu amefikishwa mbele ya kijiji kizima na mimi nafurahi, kwa sababu kumbe hana mtu."

Asubuhi iliyofuata, Jumapili, akijiandaa kwenda kanisani, Ethel alikumbuka jambo. Ndani ya droo ya duka kulikuwa na flashi aliyoitumia kuhifadhi nakala kila mwisho wa mwezi. Nyayo zote zilikuwa humo. Hakuna mtu aliyejua, na hakuna aliyeuliza. Mwalimu Arthur anasema thamani ya nakala hiyo kwa mtengeneza ramani ni kubwa mno, maana angeweza kurudisha kila kitu kwa saa moja.

Hakwenda kanisani. Alichukua bodaboda mpaka kijijini, akamkuta Mzee Uwesu anakunywa chai, akaweka flashi mezani.

"Imebaki hii, baba. Jana niliisahau."

Mzee Uwesu anasema alikitazama kile kidude kwa shaka kubwa zaidi ya siku iliyotangulia. "Nilijiuliza, mbona ameileta? Labda anayo nyingine, hii ni ya kunifunga macho. Nikamuuliza. Akasema hana. Nikamuuliza tena. Akasema, 'Baba, hata nikiapa hutaniamini, kwa hiyo mimi nimeleta niliyonayo.' Nikatuma waitwe wajumbe."

Flashi hiyo iliwekwa juu ya jiwe na kupondwa kwa nyundo, mbele ya wajumbe watatu. Ziada alikuwepo. Ndiye aliyeshika nyundo.

Wiki hiyo hiyo Cecil alipiga tena. Ethel alimwambia nyayo za mashamba zimefutwa, hazipo, ila programu ipo kama bado anaitaka, na bei wanaweza kuzungumza.

"Akasema, 'Basi hakuna biashara.' Maneno matatu. Hakuuliza hata programu inafanya nini. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Kumbe wale watu walionizunguka na salfa usoni walikuwa wameona kitu ambacho mimi mwenye kompyuta sijakiona."

Mwandishi aliipiga namba ya Cecil. Iliita mara mbili ikapokelewa na mwanamume aliyesema hamjui Ethel, hajawahi kufika kusini, na hajui gemu. Alipoulizwa jina, alikata. Tangu hapo haipatikani. Alikuwa nani, na mashamba ya Mkunya aliyataka ya nini, hakuna aliyethibitisha.

Duka liliyumba. Miezi mitatu iliyofuata Ethel anasema alipoteza zaidi ya nusu ya wateja, hasa wa karatasi za mashamba, na akalazimika kuuza mashine ya kulaminishia. Wengine hawajarudi mpaka leo. Yupo mama mmoja anayevuka barabara ili asipite mbele ya kaunta.

Siku zile za kukaa bila kazi ndizo alizozitumia kuibomoa Chora Njia na kuijenga upya. Aliondoa kabisa sehemu ya nyayo. Sasa mchoraji hahitaji kutembea popote na simu. Anachora kwa kichwa chake, kona kwa kukumbuka au kwa kubuni. Vitufe vyote vilivyoandikwa kwa Kiswahili cha kamusi vilifutwa. "Amilisha tabaka la majengo" sasa ni "Jenga nyumba." Vingine vinasema "Pitisha njia," "Panda miti," "Umekosea? Rudi."

"Ajabu ni kwamba sehemu ya nyayo ndiyo iliyokuwa inawashinda wengi," anasema. "Nilikuwa naing'ang'ania kwa sababu nilitaka kila kitu kiwe cha kweli. Ilipobidi iondoke, programu ikawa nyepesi. Mtu anafungua, dakika kumi ana kijiji."

Mwandishi alijaribu. Zilimchukua dakika ishirini na mbili, na kijiji chake kilikuwa na basi lililoingia shimoni. Lakini hakusoma maelekezo hata mara moja.

Miezi minne baada ya tukio, Ziada alifika dukani. Anasema alikuja kuona kama ni kweli Kiswahili kimebadilishwa. Alikaa kwenye benchi, akatazama, akaondoka. Wiki iliyofuata alirudi. Sasa huja kila siku ya gulio, na Ethel amemfanya kuwa mtu wake wa kwanza wa kujaribia kila kitufe kipya. Kisichoeleweka na Ziada hakiingizwi.

"Simwamini bado," anasema Ziada, Ethel akiwa amekaa hatua mbili tu kutoka kwake. "Namwambia mwenyewe. Nakuja kumwangalia. Na nikiwa namwangalia, nachora."

Ethel anacheka. "Ni kweli, huwa anafungua mpaka droo."

Hadi wiki iliyopita watu 163 walikuwa wameichukua Chora Njia, wengi wao wakiwa hawajawahi kutengeneza ramani yoyote. Inatolewa bure. Mwalimu Arthur ameomba kuitumia na wanafunzi wake, kwa sharti kwamba aipekue upya kila toleo likitoka, na Ethel amekubali.

Mpango wake kwa mwaka huu ni kuifanya ifanye kazi kwenye simu, kwa kuwa wengi wanaomwandikia hawana kompyuta. Anakadiria miezi minane. Pia amekwenda tena kwa Mzee Uwesu, safari hii kwa barua, kuomba ruhusa ya kuchora barabara kubwa tu inayopita kijijini, bila mashamba. Serikali ya kijiji imekaa vikao viwili na haijajibu.

"Wanayo haki ya kukaa hata kumi," anasema.

Kabla ya kuagana anaonyesha kitu anachokimalizia. Ni dirisha dogo litakalofunguka kabla ya kuanza ramani yoyote. Lina maneno yasiyozidi mstari mmoja: "Kama unachora mahali pa kweli, umemuuliza nani?" Chini yake pana nafasi ya kuandika jina; anayebuni ataandika la kwake. Pakiwa patupu, programu haifunguki.

Mwandishi anamwambia kwamba mtu anaweza kuandika jina lolote la uongo na kuendelea.

"Najua," anasema Ethel. "Yule wa Dar es Salaam angeandika la babu yake. Lakini ataandika kwa mkono wake, na jina litabaki chini ya ramani, kila anayeifungua analiona. Siku akipita kwenye shamba la mtu, mwenye shamba atakuwa na pa kuanzia kuuliza."